Kabla Hujachimba Msingi

Mazungumzo ya leo yanahusu pesa ambazo wengi wetu huzipata mara moja tu maishani: kiinua mgongo. Mtumishi wa serikali hapa Kenya hustaafu akiwa na miaka 60. Ilikuwa 55 hadi mwaka 2009. Umsikilize aliyebakiza mwaka mmoja, awe karani wa ofisi ya Harambee Avenue au mwalimu wa Kangemi, utakuta mpango wake mara nyingi umebebwa na neno moja, kujenga. Atatafuta ploti Kinoo au Ngong, atainua nyumba za kupangisha, na kodi ndiyo itakayokuwa mshahara wake. Mimi naona mpango huo umeanzia mwisho. Mstaafu anatoka kazini na mali yake yote, hakuna anayempokonya kitanda wala kabati. Kinachomtoka ni ule ujumbe wa benki ulioingia kwenye simu kila mwisho wa mwezi kwa miaka thelathini. Basi cha kwanza kununua kwa kiinua mgongo ni ujumbe mwingine wa mwisho wa mwezi. Jengo, kama lazima liwepo, lifuate baadaye, kwa pesa ambazo hata zikikwama hakuna mtu nyumbani atakayekosa dawa.

Tuanze na ukubwa wa pesa zenyewe, maana watu huzungumza juu ya kustaafu kana kwamba kila mtu anangojewa na mamilioni. Kwa takriban miongo miwili, hadi mapema 2023, mfanyakazi aliyechangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, alikatwa shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri akaongeza 200. Hiyo ni shilingi 4,800 kwa mwaka, au 96,000 kwa miaka ishirini, kabla ya kuongeza faida. Wanaostaafu sasa wamevuna shamba hilo. Sheria mpya ya mfuko huo ilipitishwa 2013, ikakaa mahakamani karibu miaka kumi, na Mahakama ya Rufaa ilipotoa uamuzi Februari 2023 makato yakawa asilimia 6 ya mshahara, mwajiri naye asilimia 6. Kiwango cha juu cha mshahara unaokatwa kimepanda hatua kwa hatua: 18,000 mwaka 2023, 36,000 mwaka 2024, 72,000 mwaka 2025. Watumishi wa umma nao wana mfuko wao wa kuchangia tangu Januari 2021, mfanyakazi akitoa asilimia 7.5 na serikali 15, ukiwalazimu waliokuwa chini ya miaka 45 wakati huo. Ukijumlisha na bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, hati ya mshahara ya leo inauma, na wanaolalamika wana haki ya kulalamika. Lakini katika makato yote hayo, ya pensheni ndiyo peke yake yanayorudi kwa jina lako.

Sasa angalia jinsi pesa hizo zinavyorudi. Mwanachama wa mfuko wa pensheni, anapofikisha umri, huruhusiwa kuchukua theluthi moja taslimu. Theluthi mbili zilizobaki hugeuzwa kuwa malipo ya mara kwa mara: ama anazinunulia pensheni ya maisha kutoka kampuni ya bima, ama anaziacha zikiendelea kuwekezwa huku akichota kidogo kidogo kwa miaka isiyopungua 10. Mifuko mingine, ile ya akiba, hulipa zote kwa mpigo, na wafanyakazi wengi huipenda hiyo zaidi. Theluthi mbili kuzuiliwa wanaiona ni dharau: pesa zangu, jasho langu, nani anipangie? Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, kilichomo ndani ya sheria ni ile hesabu ninayoisema, kwamba mtu wa miaka 60 anaweza kuishi miaka ishirini na tano zaidi, na miezi mia tatu hailipiwi kwa hundi moja iliyozikwa kwenye simiti. Tena tangu mwishoni mwa 2024 pensheni ya aliyefikisha umri wa kustaafu haitozwi kodi ya mapato, kwa hiyo sababu ya zamani ya kukimbilia taslimu imepungua nguvu.

Tupige hesabu. Tuseme mama fulani anatoka kazini na shilingi milioni 5 mkononi. Akinunua fleti ndogo ya bei hiyo upande wa Uthiru, na ikampa kodi ya 25,000 kwa mwezi, hiyo ni 300,000 kwa mwaka, yaani asilimia 6 ya bei. Serikali inachukua asilimia 7.5 ya kodi nzima, kabla ya kutoa gharama yoyote, hiyo ni 22,500. Mpangaji akihama Desemba na mwingine aingie Februari, mwezi wa Januari umepotea: 25,000. Toa ada ya matunzo ya jengo, toa rangi, toa bomba lililopasuka, na mama huyu akibaki na shilingi 19,000 kwa mwezi ashukuru. Milioni 5 hizo hizo akizikopesha serikali kupitia hatifungani, ile wengi wanayoiita bondi, ya miaka zaidi ya 10 kwa riba ya asilimia 12, atapata 600,000 kwa mwaka. Kodi ya serikali hapo ni asilimia 10, anabaki na 540,000, ambayo ni 45,000 kwa mwezi. Ikiwa ni hatifungani ya miundombinu, haina kodi kabisa, na mwezi unakuwa 50,000. Nimechukua asilimia 12 kwa makusudi, nisije nikaonekana nachagua mwaka mzuri. Februari 2024 serikali ilikuwa na njaa ya pesa kiasi kwamba hatifungani yake ya miundombinu ya miaka 8 na nusu ilitoka kwa riba ya asilimia 18.46. Riba zimeshuka tangu hapo, na atakayesubiri zirudi huko anaweza kusubiri sana.

Najua kuna atakayesema fleti ni mfano dhaifu. Watu wa kwetu hujenga vyumba vya kupangisha, vile vya mstari, choo mwisho wa ua. Ni kweli vyumba hulipa zaidi ya fleti. Mtu aliyerithi robo ekari Waithaka au Mutuini, ambaye hanunui ardhi, akajenga vyumba kumi vya kawaida, hesabu yake inaweza kuipiku bondi, na sitamdanganya. Lakini tuingie ndani ya ua huo tuone mwezi wake ulivyo. Wapangaji wanane wamelipa kufikia tarehe 5, mmoja anaomba hadi tarehe 15, mmoja amehamisha godoro usiku na ufunguo ameondoka nao. Maji ya kaunti hayajaja wiki hii, kwa hiyo kuna lori la maji la kulipwa. Choo kimejaa, kuna gari la kunyonya la kuitwa. Taa ya ua inatumia tokeni za mwenye nyumba. Mlinzi wa lango anataka chake, wa taka anataka chake. Hiyo ni kazi kamili, na ni kazi ya mtu mwenye miguu na sauti. Mtu akiwa na miaka 61 ataimudu. Akiwa na 74, magoti yakiuma na sukari ikipanda, ataiachia mikononi mwa mtunzaji au kijana wa nyumbani, na kuanzia hapo kodi hupitia mikono mingi kabla ya kumfikia. Mwenye kupanga kustaafu anatakiwa aupangie mwili wa miaka 74.

Na hapo tumezungumza juu ya jengo lililokwisha. Panda matatu ya Waiyaki Way kutoka katikati ya jiji, pita Kangemi, pita Mountain View, ufike Uthiru na Kinoo, uhesabu mwenyewe nguzo zilizosimama bila paa, nondo zimeshika kutu, mabati ya uzio yameinama. Si zote za wastaafu, lakini sababu ni moja: makadirio ya fundi yalikuwa ya ghorofa mbili na pesa zilikuwa za ghorofa moja na nusu. Kwa mwenye mshahara, ujenzi uliosimama ni aibu ya muda. Kwa aliyestaafu, kila mwezi jengo linapongoja ni mwezi usio na kodi na usio na mshahara, na kishawishi cha kwenda kukopa ili kumalizia ni kikubwa sana.

Pingamizi linalosemwa zaidi ni kwamba ardhi haiozi wala haiibiwi, na bei yake hupanda daima. Kuhusu kupanda, nakubali kwa sehemu kubwa. Waliokuwa na ploti pembezoni mwa Nairobi miaka ishirini iliyopita hawajuti. Ila bei ya ploti haisongi ugali. Ili uile, lazima uuze, na kuuza kuna upekuzi wa hati kwenye mfumo wa ardhi wa mtandaoni wa Ardhisasa, wakili, miezi ya kungoja mnunuzi, na kodi ya faida ya mauzo iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023. Kuhusu kutopotea, Ukay Centre ilikuwa jengo kubwa la biashara pale Westlands, lenye maduka na wapangaji wa kila siku, na Agosti 2018 matingatinga yalilibomoa kwa sababu lilikuwa kwenye eneo la mto. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 serikali iliwaamuru waliokuwa ndani ya mita 30 za mito wahame, na wengi walioona nyumba zao zikishuka walikuwa watu wa kipato cha chini wenye kumiliki chumba na risiti ya mkono tu. Simiti pia ina hatari zake, ila tumezizoea kiasi cha kutozihesabu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: bondi ni deni la serikali, na serikali yetu ina madeni hadi shingoni. Tusijifanye hatari hiyo haipo. Ghana ilipozidiwa na madeni mwishoni mwa 2022, iliwataka waliokuwa na hatifungani za ndani wabadilishane nazo kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu. Wastaafu walikataa, na Februari 2023 jaji mkuu mstaafu Sophia Akuffo alisimama pamoja nao nje ya wizara ya fedha mjini Accra. Kwa hiyo sisemi milioni zote 5 ziende Benki Kuu. Nasema sehemu iwe pensheni ya maisha, sehemu bondi, sehemu ndogo mahali unapoweza kuichota ndani ya siku chache, kama mfuko wa soko la fedha. Kwenye benki ukumbuke kwamba bima ya amana hulipa hadi shilingi 500,000 kwa mwenye akaunti benki ikianguka, hata kama ulikuwa na milioni 3 humo. Na ushirika wa akiba na mikopo, pamoja na mema yote uliyowatendea wafanyakazi wa nchi hii, hauna kinga hiyo. Ukaguzi wa KUSCCO, chama mwavuli cha vyama hivyo, uliotangazwa mapema 2025 ulikuta pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13. Atakayekuahidi riba mara mbili ya ile ya serikali, muulize yeye anaipata wapi.

Kuna wanaosema bei za vitu zitaila riba hiyo, kwamba 45,000 ya leo haitanunua kitu baada ya miaka kumi. Ni kweli. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6 Oktoba 2022, ukashuka hadi 2.7 Oktoba 2024. Hauna adabu, huja na kuondoka upendavyo. Dawa yake ni kutokula riba yote. Mama wetu wa 45,000 akijifunza kuishi kwa 35,000, kila miezi sita ana 60,000 pembeni, na kima cha chini cha kununua hatifungani ni 50,000. Ananunua nyingine. Mtaji unakua taratibu, na mwaka ambao bei zitachachamaa ana mahali pa kuongezea. Jambo jingine la kiutendaji ambalo mawakala hawalisemi sana: hatifungani hulipa riba mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo ukinunua moja kubwa utakuwa tajiri mwezi mmoja na maskini mitano. Nunua sita ndogo ambazo miezi yake ya malipo inapishana, moja ya Januari na Julai, nyingine ya Februari na Agosti, hadi uzungushe mwaka. Siku hizi akaunti hufunguliwa kwenye simu kupitia DhowCSD ya Benki Kuu, bila kupanga foleni Haile Selassie Avenue.

Halafu kuna ndugu. Hili watu hawalitamki redioni, lakini ndilo linalowafanya wengi wajenge upesi: pesa zikionekana ziko benki, zitaombwa karo, zitaombwa mazishi, zitaombwa biashara ya mpwa, na katika familia nyingi kukataa ni ugomvi. Jengo linamfungia mwenyewe mkono. Hoja nzuri, na siwacheki. Ila hatifungani ya mwaka 2038 imefunga mkono vile vile. Kuiuza kabla ya muda kunawezekana kupitia soko la hisa, kwa bei ya siku hiyo, lakini haiuzwi Jumamosi saa nne kwa ajili ya mchango wa jioni. Mstaafu anaweza kumwambia mpwa wake bila kusema uongo kwamba pesa zimefungwa, kisha akampa 2,000 kutoka kwa riba ya mwezi, na ndugu wakabaki ndugu.

Nusu ya kazi hii hufanyika kabla ya kustaafu, nyumbani. Mwenye miaka 45 leo anaweza kuongeza mchango wa hiari kwenye pensheni, na hadi shilingi 30,000 kwa mwezi, ukijumlisha na makato ya lazima, haitozwi kodi. Aliye katika kundi la kodi ya asilimia 30, kila 1,000 anayoweka imemgharimu 700. Aliyebakiza miaka miwili ajaribu miezi mitatu ya kuishi kwa kiasi kile tu atakachokuwa akipata, mshahara mwingine asiuguse. Watajua yeye na mwenzake, bila mshauri yeyote, ni kitu gani hakiwezekani. Huenda ni nyumba ya kupanga ya Kileleshwa, ambayo ilikuwa na maana walipohitaji kufika mjini saa mbili asubuhi, na sasa haina. Huenda ni gari la pili. Wengi hufikiria kurudi nyumbani, Vihiga au Murang'a, na kwa mtu mwenye afya na shamba la kuzungukia hilo ni jibu la heshima. Mwenye kliniki ya figo au ya moyo hapa jijini kila mwezi ajumlishe nauli na malazi kabla ya kufunga mizigo. Na bima ya afya: ukishatoka kwenye mshahara, mchango wako unahesabiwa kwa makadirio ya kipato cha kaya, angalau 300 kwa mwezi, nao hutakiwa kwa mwaka mzima kwa pamoja. Uuwekee nafasi mapema.

Limebaki pingamizi moja, nalo husemwa zaidi na kina mama: jengo watoto wataliona, karatasi hawataziona. Baba akifa ghafla, nani atajua kwamba alikuwa na hatifungani? Hofu hiyo haikuzuka hewani. Akaunti ya benki isiyoguswa kwa miaka mitano, na ya pesa za simu kwa miaka miwili, huhesabika kuwa mali isiyo na mwenyewe na hupelekwa kwa mamlaka ya serikali inayoshika mali za namna hiyo, ambayo ofisi yake iko Pacis Centre, Westlands. Huko kuna mabilioni ya shilingi ya watu ambao familia zao hazikujua la kudai. Kwa hiyo andika kwenye daftari moja, kwa mkono: jina la mfuko wa pensheni, nambari ya uanachama, akaunti ya DhowCSD, benki, ushirika. Mwenzako ajue daftari liko wapi, na mtoto mmoja unayemwamini. Kisha kaangalie fomu ya mrithi kule kwenye mfuko wenyewe. Wengi waliijaza wiki ya kwanza ya kazi, wakiwa hawajaoa wala kuolewa, wakaandika jina la mama mzazi ambaye siku hizi ni marehemu. Kuibadilisha hakuhitaji wakili. Ni kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na asubuhi moja.